Mwaka Ambao Sikuomba

Fall River, 15 Januari 2023

Dada Linda,

Najua sasa unaitwa Sista Maria Inês, na najua Mama Mkuu huzipitia barua kabla hazijakufikia (shikamoo, Mama Mkuu). Lakini nikiandika jina hilo naona namwandikia mtu mwingine, kwa hiyo nivumilieni.

Nimeamua. Mwezi wa sita, dirisha la maombi ya vyuo vya udaktari likifunguliwa, naomba. Tangu nimalize shahada nimekuwa nikisema mwakani, mwakani, hadi shangazi Zulmira ananiita Daktari Mwakani mbele ya wateja wa duka letu la mikate. Sasa basi. Mtihani wa kuingilia nimeufanya na alama ni nzuri, za kutosha hata kuringa kidogo. Hospitalini bado nawatoa wagonjwa damu ya vipimo, na mishipa ya wazee hainitishi tena. Mshauri wetu wa chuo amesema, "Kwa karatasi, uko tayari."

Baba sijamwambia. Nataka nimpe habari ikiwa imeiva. Unajua alivyokuwa tangu ulipoacha udaktari mwaka wa pili ukaenda kujifungia huko milimani. Mama alikununia hadi siku anakufa. Baba hakununa hata siku moja. Anakanda unga, anaoka mikate, anauliza kama nimekula supu. Jina lako halitaji. Mtu akinyamaza namna hiyo, amevunjika. Nikiingia mimi, angalau atakuwa amerudishiwa kitu.

Nimeambatanisha insha yangu, ile ya kueleza kwa nini nataka kuwa daktari. Isome uniambie ukweli. Wewe njia hiyo umeshaipita.

Mdogo wako,
Graça

*

Monasterini, Vermont, 5 Februari 2023

Mpendwa Graça,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama Mkuu amecheka, anasema marahaba.

Theluji imefika madirishani na bomba la jikoni limeganda, kwa hiyo wiki hii tunayeyusha barafu kwenye masufuria. Nimeisoma insha yako mara mbili, na mara ya pili nikiwa na kalamu. Imeandikwa vizuri. Baba yumo kila aya. Mimi nimo karibu kila aya. Koti langu jeupe la chuo limo, na machozi ya mama yamo. Wagonjwa hawamo. Umewatoa watu damu mwaka na nusu na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye karatasi yako na jina lake.

Uliniomba ukweli. Kama uko tayari au hauko, mimi sijui, na insha haisemi. Subiri mwaka mmoja.

Uliyoandika kuhusu baba, nisingeyaandika hivyo. Kuna mambo ningependa kukwambia juu yake lakini si yangu kuyasema. Muulize mwenyewe.

Hapa tunaomba mara saba kwa siku, na bado tunaambiwa tusubiri. Usidhani nakucheka.

Dada yako katika Kristo,
Sr. Maria Inês

*

Fall River, 19 Februari 2023

Sista Maria Inês,

Asante kwa ukweli.

Wewe ulipewa kiti, ukakikalia, ukainuka mwenyewe, na sasa umesimama mlangoni unaniambia nisiingie. Ungesema tu unaona sina akili kama zako, ningekuelewa haraka zaidi. Na hayo mambo ya baba ambayo "si yako kuyasema", miaka sita hujakaa naye meza moja. Mimi ndiye ninayemwona kila siku. Mimi ndiye ninayemjua.

Jumatano ni Majivu. Najua Kwaresima nzima hampokei barua wala hamwandiki. Vizuri. Hutaweza kunijibu.

Juni naomba.

Graça

*

Fall River, 16 Machi 2023

Dada,

Baba amesema nisikwambie. Basi sikwambii. Naandika tu barua ambayo itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu, na utaisoma Pasaka ikifika. Huo ndio ujanja wangu.

Ilianza na mwasho. Akawa anajikuna mikono kule kwenye mikate, shangazi Zulmira akadhani ni unga mpya. Kisha asubuhi moja nikamwona macho, manjano kabisa. Nilimpeleka hospitalini kwetu siku hiyohiyo. Ni saratani ya kongosho, Linda, na imeshafika kwenye ini. Daktari alikivuta kiti chake karibu na baba akamwambia bila kuzunguka. Upasuaji hautasaidia. Baba akamshukuru, akamuuliza anatoka wapi, akamwahidi mkate mtamu wa Pasaka.

Garini nikamwambia, "Napiga simu kwa Linda."

"Hupigi."

"Baba, ana haki ya kujua."

"Kwaresima ni Kwaresima. Mtoto yuko kwenye mfungo wake, wewe unataka kumwekea kongosho langu kwenye sahani? Atajua Pasaka. Mimi siendi mahali kabla ya Pasaka, nina oda za mikate."

Sasa amelala sebuleni, tumemwekea kitanda karibu na dirisha aione barabara. Nikikaa naye na vitabu vyangu ananitania. "Acha kunitazama hivyo, Graça. Mimi si keki iliyoko ovenini."

Nimemwambia kuhusu Juni. Nilidhani atalia kwa furaha. Akauliza, "Na wewe unataka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaomba maji.

Zile hasira zangu za mwezi uliopita ziweke kando. Sina nguvu ya kuzibeba.

Graça

*

Fall River, 3 Aprili 2023, Jumatatu Kuu

Dada,

Daktari alipita Ijumaa. Anasema zimebaki wiki, pengine tatu, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo nimepanga. Jumapili ni Pasaka. Jumatatu yake asubuhi nitapiga simu kwenu, nitamwambia Mama Mkuu, na mtaniambia kama sheria zenu zinakuruhusu kuja kumwona.

Baba analala sana. Tangu jana hataki hata supu, na maji anayaacha yatiririke pembeni ya mdomo. Pengine ni dawa za maumivu, zinakausha hamu. Miguu yake imekuwa baridi hadi magotini, nimemvisha soksi mbili. Usiku pumzi yake ilisimama kidogo kisha ikarudi, ikasimama tena ikarudi. Nimesoma mahali kwamba dawa hizo zinaweza kufanya hivyo.

Shangazi Zulmira ameniuliza, "Graça, wewe umesoma, hii ni nini?" Nikamwambia ni uchovu. Akanitazama, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nitapiga simu Jumatatu.

G.

*

Monasterini, Vermont, 6 Aprili 2023, Alhamisi Kuu

Graça,

Mama Mkuu ameniruhusu kuandika leo ingawa Kwaresima haijaisha.

Jana kabla ya chakula cha mchana aliniita ofisini akaniambia shangazi Zulmira amepiga simu, baba amefariki. Kisha akafungua droo, akanipa barua zako mbili. Nimezisoma nikiwa najua mwisho wake. Baba alikuwa kitandani hapo mbele yangu, anakutania, anaomba maji, na nilikuwa najua ameshakufa.

Simu yetu iko ukutani karibu na jiko. Inalia, na mtu anaipokea. Sisi ni watawa, si wafu. Ungepiga siku yoyote katika Kwaresima hii, Mama Mkuu angeniita, na ningeongea na baba yangu. Hata tarehe tatu ungepiga. Umeandika miguu baridi, maji hayapiti, pumzi inasimama. Nilisoma udaktari miaka miwili tu, na nilielewa kabla sijamaliza mstari. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Ulimwona anakufa ukaandika kwamba pengine ni dawa.

Nitasema sasa ambayo hayakuwa yangu kuyasema, kwa sababu mwenyewe hayupo.

Baba hakuvunjika. Siku nilipokuja hapa, yeye ndiye aliyenileta kwa gari. Mama aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba ile atakayekanyaga huku, na baba hakutaka vita, kwa hiyo kila Septemba alipokwambieni anakwenda kuvua samaki na mzee Adelino, alikuwa anakuja kwangu. Alileta mikate kwenye mashuka safi. Tulikaa chumba cha wageni tukicheka hadi sista wa mlangoni anagonga. Mama alipofariki nilimuuliza mbona hakwambii sasa. Akasema, "Nitaanzia wapi? Miaka yote hii nimekwenda kuvua na sijaleta hata samaki mmoja."

Septemba iliyopita alikuwa na wasiwasi nawe. Aliniambia, "Graça akitaka kujua anataka nini, ananitazama mimi usoni. Mimi mwokaji, uso wangu una unga tu." Ndiyo maana nilikwambia subiri.

Sitakuja mazishini. Hilo nililichagua zamani. Mnizike naye kidogo.

Linda

*

Fall River, 4 Juni 2023

Dada Linda,

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma nyuma ya duka, nimekaa juu ya gunia la unga, na sikuinuka hadi shangazi alipokuja kunitafuta. Nilimwambia kuhusu wale samaki. Alicheka hadi akajishika ubavu, kisha akakaa chini akalia vibaya. Anasema mzee Adelino hutapika akipanda mashua tangu ujana wake na sisi sote tulikuwa wapumbavu.

Dirisha limefunguliwa wiki hii. Sikuomba.

Usidhani ni adhabu, wala si kwamba nakutii wewe. Nimeketi na ile insha nikatafuta sentensi moja ambayo ni yangu, nikaikosa. Nilikuwa namwandikia mtu aliyevunjika, na mtu huyo hakuwepo.

Na kuna la pili. Mimi niliiona miguu ile. Daktari alisema wiki tatu kwa sababu alimwona Ijumaa. Mimi nilimwona Jumatatu, na nilijua, Linda. Chini kabisa ya tumbo nilijua. Ningempigia simu nesi, ningekupigia wewe. Lakini ningefanya hivyo ningelazimika kusema kwa mdomo wangu "baba anakufa", na mdomo haukufunguka. Shangazi aliniuliza uso kwa uso nikamwambia uchovu. Yeye naye alikuwa na kaka anayemuaga.

Kila mtu ananiuliza kama alama zangu zinatosha. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kusema neno hilo.

Nimeacha kazi ya kutoa damu. Nimepata nafasi katika nyumba moja mtaa wa juu, wanakolazwa watu ambao matibabu hayawasaidii tena. Naosha, nageuza, nalisha. Shangazi anaona nimechanganyikiwa. "Mtu anakimbia moto, wewe unakwenda kuomba kazi jikoni kwake."

Nisamehe kama unaweza. Kama bado, nitasubiri.

Graça

*

Monasterini, Vermont, 2 Julai 2023

Graça wangu,

Niliyoyaandika Alhamisi Kuu yalikuwa kweli, na sikupaswa kuyaandika siku ile. Mama Mkuu aliniuliza kama nina hakika kabla hajaitia barua kwenye bahasha. Nikasema nina hakika. Nilitaka uumie kama mimi.

Ulikuwa binti wa mgonjwa. Hakuna anayemwona vizuri baba yake mwenyewe. Ningekuwa hapo huenda ningemvisha soksi ya tatu.

Uliwahi kuniuliza, kabla sijaondoka, kama niliacha udaktari kwa sababu uliniogopesha. Sikukujibu. Jibu ni hapana. Niliupenda, na nilikuwa hodari. Niliacha kwa sababu nilitaka kitu kingine zaidi, na siku niliyojua hivyo sikuwa nimemtazama mtu yeyote. Nilikuwa nafua soksi. Sina maelezo mengine, na hayo ndiyo yaliyomuudhi mama. Angetaka angalau niseme nimeona maono.

Nakusamehe. Wewe je?

Linda

*

Fall River, 7 Aprili 2024

Dada Linda,

Pasaka njema. Nimeingoja Kwaresima iishe kama mtoto anayengoja kengele ya shule.

Nilikusamehe zamani, nilishakwambia, lakini narudia kwa sababu napenda kuisikia.

Sikiliza lililotokea. Mwezi wa pili tulimpokea mama mmoja mzee, Dona Eduarda, wa kisiwa kilekile cha Ureno walikotoka babu zetu. Binti yake Fátima alikuwa analala kwenye kiti pembeni yake. Mtoto wa kiume yuko kwenye meli ya kuvua kome, nje huko mbali. Sote tulijua siku zimekaribia, lakini Fátima alikuwa akisema kaka yake atarudi zamu yake ikiisha, Jumamosi, hakuna haraka.

Jumanne asubuhi nikaingia kumgeuza. Magoti yalikuwa yamefanya madoa ya zambarau. Pumzi inakwenda, inasimama. Nilisimama pale nikiwa nimeshika shuka, na nilikuwa sebuleni kwetu, Linda, nilinusa hata mkate.

Nikamwita nesi, Roberta. Akamtazama, akamgusa mguu, akanitazama. "Ndiyo," akasema. "Ni leo. Kireno changu hakifai kwa jambo kama hili. Unaweza wewe?"

Nilikaa chini, nikamshika Fátima mkono. Nikamwambia, "Fátima, mama anakufa. Si Jumamosi. Ni leo."

Akauvuta mkono wake. "Wewe nani? Wewe daktari?"

"Hapana. Ninaosha wagonjwa tu."

"Basi nyamaza! Jana alikula kijiko kizima!"

"Najua, nilimlisha mimi. Anakufa. Mpigie kaka yako simu sasa hivi."

Akanitukana tusi ambalo sijalisikia tangu bibi afariki. Kisha akatafuta simu mkobani asiione, nikamshikia mkoba. Kapteni aligeuza meli. Kijana alifika jioni na mabuti yake ya baharini, ananuka chumvi na dizeli, akapiga magoti. Mama hakufungua macho ila vidole vilisogea, sote tuliviona. Alikata roho kabla ya giza kuingia.

Fátima hakunishukuru. Alipita mbele yangu kama hanioni. Lakini mlangoni aligeuka akauliza, "Ulijuaje?" Nikamwambia, "Baba yangu alikwenda hivyohivyo."

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu. Sikuwa na furaha, mtu alikuwa amekufa. Ila nilikuwa nataka kujua kitu. Nilitaka kujua kwa nini madoa yanaanzia magotini. Nilitaka kujua kama ingewezekana kumwona mapema zaidi, mwezi mmoja nyuma, mwaka mmoja. Nilitaka sana, nikagundua nimefika kwetu na sijamfikiria baba, wala wewe, wala mama.

Juni naomba. Insha mpya nimeiandika. Dona Eduarda yumo, na jina lake nimelibadilisha kwa heshima. Sikutumii. Usinune.

Graça

*

Fall River, 17 Novemba 2024

Dada Linda,

Nimekubaliwa. Barua ilikuja juzi. Nilisimama jikoni nikaisoma nikiwa bado na koti na viatu vya mvua. Naanza Agosti. Shangazi Zulmira amewatangazia wateja wote, na mteja mmoja akamwambia, "Kumbe Mwakani imefika."

Kwenye usaili mzee mmoja wa jopo alitazama mafaili yangu akauliza, "Alama zako zilikuwa tayari mwaka juzi. Ulikuwa unangoja nini?" Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri, la kusomeka. Nikaliacha. Nikamwambia baba yangu alikuwa anakufa na sikuweza kulisema, na nilitaka kwanza kujua kama nitaweza. Akauliza, "Na umeweza?" Nikasema, "Mara moja. Halafu nyingi." Akaandika kitu, wakaendelea na maswali ya kawaida.

Majilio yanaanza baada ya wiki mbili na utanyamaza tena, kwa hiyo kuna jambo nataka ulipate kabla. Nimelibeba tangu siku ile. Nikiwa naingia kwenye kazi ya kuwaambia watu wa wengine yaliyo kweli, siwezi kuliacha hili.

Jumanne, kesho yake ya ile barua yangu ya mwisho ya Kwaresima, baba aliamka. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni vizuri. Akasema, "Linda?"

Niligeuka nyuma, kana kwamba umeingia. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Wamekupa ruhusa?"

"Wamenipa."

"Barabara ina theluji?"

Sikujua kwa nini anauliza barabara. Sikujua kwamba anaijua. Nikasema tu, "Hapana, baba. Imeyeyuka yote."

Akasema, "Vizuri," akanishika kidole gumba kama alivyokuwa akitushika tukivuka mtaa. Hakusema neno tena hadi kesho yake asubuhi alipokwenda.

Sikukwambia kwa sababu niliona nimekuibia. Ile ilikuwa nafasi yako, nami nikakaa ndani yake.

Graça

*

Monasterini, Vermont, 27 Novemba 2024

Graça,

Hongera, daktari. Masista wamepiga makofi mezani, jambo ambalo haliruhusiwi.

Barua yako nimekaa nayo siku tano, ndiyo maana hii inakufikia Majilio yakiwa mlangoni.

Wiki ile barabara yetu ilikuwa kavu kabisa. Ulimjibu sawasawa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiamka na jambo moja kila asubuhi, kabla hata ya sala, kwamba huenda baba yangu alikufa akiniulizia na mimi sikuwepo. Mama Mkuu analijua. Padre anayetuungamisha analijua. Hakuna aliyeweza kuniondolea.

Leo najua aliuliza, na nilimjibu, na nilimpa mkono.

Nenda kasome.

Linda